Saratani ya Ini Inaponywea Yenyewe: Je, Tungoje?

Mwezi huu tunapenda kujibu swali ambalo sisi wauguzi tunaulizwa mara kwa mara na ndugu wa wagonjwa, hasa pale daktari anapokuwa amewaeleza kwamba mgonjwa wao ana saratani ya ini. Wakishatoka ofisini hutuvuta pembeni na kusema: "Sista, tumesikia kuna mzee kijiji cha jirani alikuwa na ugonjwa huu huu. Alirudishwa nyumbani bila dawa yoyote, na leo analima shamba lake. Kwa nini na sisi tusimchukue baba yetu tukangoje?"

Swali hili si la kuchekwa. Anayeuliza anampenda mgonjwa wake, na mara nyingi mfuko umekwisha kukauka kwa nauli na gharama za vipimo. Tena, analolisema si uongo mtupu. Maandiko ya kitabibu yanakubali kwamba wapo wagonjwa wachache ambao uvimbe wa saratani, hata ule wa ini, ulinywea wenyewe bila matibabu. Kwa hiyo tueleze jambo hili vizuri: lina ukweli kiasi gani, hutokeaje, na kwa nini hata hivyo hatumshauri mtu yeyote akae nyumbani kulingojea.

INI NA SARATANI YAKE

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Ni kama ghala na kiwanda cha mwili: huhifadhi chakula, hutengeneza nyongo, na huondoa sumu katika damu. Saratani, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita kansa, huanza pale chembe hai za ini zinapozaana ovyo bila kufuata utaratibu wa mwili. Chembe hizo hufanya uvimbe, na uvimbe huo hukua na kusambaa.

Saratani hii ni kali. Mwaka 2022 watu wapatao 866,000 duniani waligundulika kuwa nayo, na katika mwaka huohuo wapatao 758,000 walifariki kwa ajili yake. Tazameni jinsi namba hizo mbili zinavyokaribiana. Sababu moja kubwa ni kwamba ini ni kiungo kivumilivu. Huendelea na kazi yake kimya kimya hata likiwa na ugonjwa, na mtu anapoanza kusikia maumivu mara nyingi uvimbe umekwisha kuwa mkubwa.

JE, NI KWELI UVIMBE HUWEZA KUNYWEA WENYEWE?

Ndiyo, ni kweli. Mwaka 1966 madaktari wapasuaji wawili wa Chicago, Marekani, Tilden Everson na Warren Cole, walitoa kitabu chenye habari za wagonjwa 176 walizozikusanya katika maandiko ya kitabibu. Wagonjwa hao walikuwa na saratani za aina mbalimbali, na saratani hizo zilipungua au kutoweka bila matibabu, au kwa matibabu madogo yasiyoweza kueleza mabadiliko hayo. Madaktari hao walisema wazi kwamba kunywea si lazima kuwe kupona. Uvimbe mmoja unaweza kupungua huku mwingine ukikua, au ukapungua kwa muda kisha ukarudi.

Hata hapa Afrika Mashariki jambo hili limeonekana. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Uganda, ndiye aliyeeleza mwaka 1958 saratani inayovimbisha taya za watoto, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 yeye pamoja na daktari mpasuaji wa Uganda, Sebastian Kyalwazi, waliandika habari za wagonjwa wa saratani hiyo ambao uvimbe wao ulirudi nyuma wenyewe. Lakini angalieni: Burkitt hakuwaacha watoto wengine wakae wangoje. Aliendelea kutafuta dawa, na dawa hizo zikaonekana kuwaponya watoto wengi.

Kuhusu saratani ya ini, mapitio ya maandiko ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihesabu wagonjwa 75 ambao uvimbe wao ulinywea wenyewe. Wagonjwa 75 kutoka dunia nzima, kwa miaka mingi, katika ugonjwa unaoua mamia ya maelfu ya watu kila mwaka!

Kwa saratani zote kwa jumla, makisio yanayotajwa mara nyingi ni mgonjwa 1 kati ya 60,000 hadi 100,000. Tulifanye hesabu rahisi. Tuseme hospitali moja inapokea wagonjwa 100 wa saratani kila mwaka. Kwa makisio hayo ingepaswa kufanya kazi miaka 600 hadi 1,000 ili kumwona mmoja wa namna hiyo.

HUTOKEAJE?

Madaktari waliochunguza habari za wagonjwa wa ini wanaona njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni uvimbe kukosa damu. Ini zima lenye afya hupata sehemu kubwa ya damu yake, kama robo tatu, kutoka mshipa mkubwa unaotoka matumboni. Uvimbe wa saratani hautegemei mshipa huo. Hutegemea zaidi mshipa mwingine, ule unaoleta damu kutoka moyoni. Ikitokea mshipa unaoulisha uvimbe ukaziba, au uvimbe ukakua upesi kuliko damu inavyoweza kuufikia, au mgonjwa akapoteza damu nyingi kwa ghafla, uvimbe hukosa hewa na chakula na kufa, wakati ini lenyewe linaendelea kuishi. Mwaka 1990 madaktari wa Italia walieleza katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za mgonjwa ambaye saratani yake ya ini ilirudi nyuma baada ya kutokwa damu nyingi sana tumboni. Wote tunajua kwamba kutokwa damu namna hiyo kunaua. Kwa hiyo hakuna mwenye akili atakayekutaka kuwe dawa.

Njia ya pili ni kinga ya mwili kuamka. Mwili una askari wake wanaopambana na wadudu wa magonjwa. Saratani ina hila ya kujificha wasiione. Mara chache sana, baada ya homa kali au ugonjwa mwingine wa kuambukiza, askari hao huamka na kuushambulia uvimbe pamoja na wadudu. Mwaka 1891 daktari William Coley wa New York alianza kuwachoma wagonjwa wa saratani sindano za vijidudu kwa makusudi, baada ya kujua habari za mgonjwa aliyepona uvimbe wa shingoni alipopatwa na ugonjwa mkali wa ngozi wenye homa. Wagonjwa wake wengine walipata nafuu, wengine walidhurika. Njia yake iliachwa, lakini wazo lake halikufa.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Mambo haya mawili ambayo hutokea yenyewe kwa nadra, leo madaktari wanajitahidi kuyafanya kwa makusudi na kwa vipimo. Katika hospitali kubwa zenye vifaa, daktari anaweza kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa hadi kwenye ini, akaziba mshipa unaoulisha uvimbe na kuweka dawa papo hapo. Kuhusu kinga ya mwili, mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua namna ya kuondoa breki zinazowazuia askari wa mwili wasishambulie saratani. Tangu mwaka 2020 dawa mbili, atezolizumabu na bevasizumabu, zimekuwa zikitumiwa pamoja kwa saratani ya ini iliyoenea. Moja inaamsha kinga, nyingine inazuia uvimbe usijitengenezee mishipa ya damu.

Tusifichane: dawa hizo ni za bei kubwa mno, na familia nyingi za parokia zetu haziwezi kuzigharimia. Lakini zinatuonyesha kwamba kunywea kwa uvimbe si uchawi wala bahati nasibu. Kuna sababu zake ndani ya mwili, na sababu hizo zinaweza kuchunguzwa.

UVIMBE AMBAO HAUKUWA SARATANI

Tunaposikia kwamba fulani alipona saratani ya ini bila dawa, swali la kwanza liwe hili: nani alisema ni saratani, na kwa kipimo gani?

Si kila uvimbe wa ini ni saratani. Liko jipu la ini linaloletwa na amiba, ambalo huleta homa na maumivu makali chini ya mbavu, na ambalo hupona kwa vidonge vya kawaida. Iko mifuko ya maji inayosababishwa na minyoo ya mbwa, hasa katika jamii za wafugaji. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye ini. Viko pia vivimbe vya mishipa ya damu ambavyo mtu huishi navyo hadi uzee bila shida. Kwa kupapasa tumbo tu, na hata kwa picha ya ultrasaundi peke yake, moja ya haya linaweza kudhaniwa kuwa saratani.

Ndiyo maana daktari huagiza vipimo zaidi: kipimo cha damu kiitwacho AFP, ambacho mara nyingi hupanda katika saratani ya ini, picha ya CT skani, na pengine kuchukua kinyama kidogo cha ini na kukitazama kwa darubini. Ndugu wengine hukasirika na kusema hospitali inataka fedha tu. Lakini fikirini: mtu mwenye jipu akiambiwa ana saratani na kurudishwa nyumbani, atakufa kwa ugonjwa uliokuwa na dawa. Na akipona kwa vidonge alivyopewa zahanati, kijiji kizima kitasimulia kwamba saratani imeondoka yenyewe.

JE, NI MUUJIZA?

Wengine hutuuliza hivyo. Sisi si wa kuamua, lakini inafaa kujua kwamba Kanisa lenyewe halina haraka katika jambo hili. Huko Lourdes, Ufaransa, iko ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883 ambayo kazi yake ni kuchunguza watu wanaosema wameponywa. Taarifa zilizopelekwa huko zimezidi 7,000. Hadi mwaka 2025 zilizotangazwa na Kanisa kuwa miujiza ni 72 tu. Madaktari hao huuliza kama ugonjwa ulithibitishwa kwa vipimo, kama ulikuwa mzito, kama kuna dawa iliyoweza kuuponya, na kama uponyaji umedumu. Ikiwa Kanisa linataka cheti cha vipimo na miaka ya kungoja kabla ya kusema neno, basi na sisi tusikimbilie kutangaza.

Tena kumwombea mgonjwa hakupingani na kumpeleka hospitali. Tunawafahamu wengi wanaosali rozari kando ya kitanda huku dripu ikiendelea kudondoka.

HATARI YA KUNGOJA

Sasa turudi kwa yule anayetaka kumchukua baba yake. Wodini tumepokea wagonjwa wengi waliochelewa kwa sababu ya ushuhuda wa namna hiyo. Tunamkumbuka mama mmoja aliyeletwa mara ya kwanza akiwa na uvimbe mdogo, akaandikiwa rufaa. Njiani ndugu zake walikutana na muuzaji wa mizizi aliyewaonyesha mtu "aliyepona." Wakauza ng'ombe wawili wakanunua dawa ya miezi mitatu. Aliporudi kwetu tumbo lilikuwa limejaa maji, macho ya manjano, na hakuna tena upasuaji uliowezekana. Ng'ombe hao wawili wangetosha nauli ya hospitali ya rufaa na vipimo vyake.

Muuzaji wa namna hii anajua kutumia habari ya mtu mmoja aliyepona. Hasemi habari za wale wengine waliokufa, kwa maana wafu hawatoi ushuhuda. Tena dawa nyingine za mizizi zenyewe ni mzigo kwa ini, maana ini ndilo linalopaswa kuzichuja. Ini gonjwa likipewa sumu zaidi huanguka upesi.

Saratani ya ini ikigunduliwa mapema, ikiwa bado ndogo na ini lenyewe halijaharibika, inaweza kukatwa kwa upasuaji au kuunguzwa kwa sindano maalumu, na wapo wanaopona. Anayengoja anapoteza nafasi hiyo ambayo ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya mmoja kati ya maelfu.

KINGA TUNAYOIWEZA

Wapendwa wasomaji, wakati tunasimulia habari za wachache waliopona bila dawa, tusisahau kwamba saratani nyingi za ini zinaweza kuzuiwa zisitokee kabisa. Visababishi vikubwa kwetu ni virusi vya homa ya ini, sumu ya kuvu katika nafaka, na pombe.

1. Chanjo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Pia huambukizwa kwa wembe wa kushirikiana, kuchanja chale na kutoga masikio kwa vyombo visivyochemshwa. Haviambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kupeana mikono. Mtoto akiambukizwa angali mchanga, kwa kawaida watoto tisa kati ya kumi hubaki na virusi hivyo maisha yao yote. Mtu mzima akiambukizwa, wengi huviondoa wenyewe. Ndiyo maana chanjo hutolewa utotoni. Kisiwa cha Taiwan kilianza mpango wa kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua kwa karibu nusu. Hapa Tanzania chanjo hii iliingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2002, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuchanjwa. Mtu mzima aulize kipimo. Asiye na virusi anaweza kuchanjwa, na mwenye navyo afuatiliwe na daktari, kwa maana zipo dawa zinazovituliza na kupunguza hatari ya saratani.

2. Nafaka kavu na safi. Kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Uchunguzi uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 1971, na mwingine wa Murang'a nchini Kenya wa mwaka 1973, ulionyesha kwamba mahali penye sumu hii kwa wingi katika chakula ndipo penye saratani ya ini zaidi. Ikiingia kwa wingi kwa mara moja huua kwa siku chache: mwaka 2004 huko Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huandaa saratani, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo anikeni mahindi na karanga juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Hifadhini magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Chagueni na kutupa punje zilizovunda, zilizosinyaa au zenye rangi ya kijani. Msizipeleke kwenye pombe wala kwa kuku, maana zitarudi mezani kwa njia nyingine.

3. Pombe. Pombe nyingi kwa miaka mingi hujaza ini makovu, na ini lenye makovu ndilo shamba la saratani. Mwenye homa ya ini aiache kabisa.

DALILI NA HUDUMA

Nendeni hospitali mapema mkiona haya: maumivu au uzito upande wa kulia chini ya mbavu usiokwisha, kukonda bila sababu, kukosa hamu ya kula, tumbo kujaa, macho kuwa ya manjano. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na ikiwa ugonjwa umefika mbali, bado mgonjwa hajafikia mwisho wa kuhudumiwa. Maumivu yanatulizwa, hata kwa mofini ya maji ambayo hunywewa nyumbani kwa maelekezo ya daktari. Maji ya tumboni yanaweza kupunguzwa. Mpeni chakula kidogo kidogo mara nyingi, mgeuzeni asipate vidonda, na kaeni naye. Akiuliza hali yake, aambiwe ukweli kwa upole. Msimwahidi kwamba uvimbe utanywea, wala msimwambie kwamba hakuna la kufanya. Na ikitokea kweli uvimbe umepungua, msikae nao kama siri ya nyumbani: mrudisheni hospitali apimwe tena na aendelee kufuatiliwa, kwa sababu wapo ambao ulirudi baada ya muda.

Mwezi huu, basi, kila mama na baba atafute kadi za kliniki za watoto na kuhakikisha kwamba chanjo zote tatu zimeandikwa. Ikikosekana hata moja, mchukueni mtoto siku ya kliniki inayofuata. Kisha mwingie ghalani mkatazame mahindi.